Mililita nne kwa bidoni: kituo cha klorini cha akina mama, Goma

Nimechota maji kwenye kituo hiki kuanzia siku za kwanza za Februari 2025 hadi mwisho wa Juni, karibu kila siku iliyowezekana kutoka nje. Ni meza moja ya mbao, pipa la bluu na benchi, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu upande wa Kyeshero, mjini Goma. Kinaendeshwa na chama cha akina mama wa mtaani. Jina la chama siliandiki, wenyewe wameniomba, na aliyeishi Goma mwaka huo hahitaji kuelezwa kwa nini. Anayekitafuta awaulize watoto wanaopanda na bidoni (wenzetu wa Tanzania huita dumu) mgongoni, zimeshikwa na ukanda unaopita kwenye paji la uso. Watamwonyesha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumbani tulikuwa watano hadi Februari 2024, vita vilipofika mji wa Sake na barabara ikajaa watu wenye magodoro vichwani. Mama mdogo alikuja na wajukuu wanne. Kwanza alikaa kambi ya Bulengo, chini ya bashe (turubai) lililofungwa juu ya mawe ya volkeno, mahali ambapo huwezi kuchimba choo hata ukiwa na sululu na vijana watatu. Kipande cha bomu kilimpata mguu wa kushoto alipokuwa akikimbia, na tangu hapo anatembea kwa gongo. Nilipomchukua tukawa kumi nyumbani. Kumi ni hesabu ninayoirudia kichwani kila siku, kwa sababu kila mtu anahitaji maji ya kunywa, kupikia na kunawa, na vitabu vya misaada vinasema kiwango cha chini ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Lita 150. Bidoni saba na nusu. Hatukuwahi kufika hapo, siku nzuri tulifika nne.

Siku za mwisho za Januari 2025 umeme ulikatika, pampu zikasimama, na bomba la uani likatoa upepo asubuhi moja, kisha likanyamaza. Waasi wa M23 waliingia mjini usiku wa kuamkia tarehe 27. Sisi tulilala sakafuni, chumba cha katikati, watoto ukutani na watu wazima upande wa mlango. Tulikunywa maji ya mvua yaliyokuwa kwenye pipa mpaka tukaanza kuyachota kwa kikombe, kisha kwa kijiko. Milio ilipopungua, mtaa mzima ulishuka ziwani. Sitaandika yote niliyoyaona njiani. Naandika hili tu: palepale watu walikuwa wanaoga, wanafua nguo zenye damu, na hatua tano pembeni wengine wanajaza maji ya kunywa. Hakuna aliyekuwa na makosa. Ziwa lilikuwa moja na sisi tulikuwa wengi.

Goma tunakijua kipindupindu. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na lava ikaharibu mabomba na tangi la maji, jambo la kwanza ambalo mama yangu alisema si moto, alisema, "Sasa tumbo." Basi nilipoona meza ile ya mbao wiki iliyofuata, na mama mmoja mwenye kitenge cha njano amesimama nyuma yake na sindano mkononi, nilisimama kwenye foleni bila kuuliza kitu.

Huduma yenyewe inakwenda hivi. Unachota mwenyewe, unapanda ngazi za mawe kumi na mbili, unaweka bidoni kwenye mstari. Zamu yako ikifika, mama wa sindano anavuta maji ya dawa kutoka kwenye ndoo yenye kifuniko. Sindano ni ile kubwa isiyo na ncha, ya mililita kumi. Anaiinua mpaka usawa wa jicho, anaigonga kwa kucha ili povu lipande, anasukuma kidogo mpaka ifike mstari wa nne kamili. Kisha anauliza: "Umeijaza?" Kama bidoni imepungua vidole vinne anakurudisha ukaongeze, kwa sababu dawa imepimwa kwa lita 20, na hakisii. Nimemwona akimrudisha mama mmoja mara mbili, na foleni nyuma inanung'unika, naye hakubadilisha uso. Akishamimina, unafunga, unatikisa, na kijana wa daftari anakuandikia saa kwa chaki kwenye ubavu wa bidoni. Nusu saa kabla ya kunywa. Watoto wangu walijifunza kusoma saa kwenye bidoni kabla ya kujifunza darasani.

Dawa huja kama chembechembe nyeupe kwenye ndoo ya plastiki. Kila asubuhi wanapima gramu 15 kwa kila lita ya maji, wanapata maji makali yenye nguvu ya asilimia moja. Mililita nne za maji hayo ndani ya lita 20 ni miligramu mbili za klorini kwa kila lita. Nimeiandika hesabu hii ubaoni kwa darasa la sita, wakaipiga, ikatoka sawasawa. Baada ya nusu saa mama mwingine anachukua maji kidogo kutoka bidoni ya mtu yeyote aliyekaa kusubiri, anatia kidonge kwenye kichupa chenye alama pembeni, na maji yanageuka waridi. Wanataka waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto mchanga, yaani klorini iliyobaki iwe karibu nusu miligramu kwa lita, ili maji yaendelee kulindwa hata ukiyafikisha nyumbani na mtu akatumbukiza kikombe kichafu. Yasipogeuka rangi, uchafu umekula dawa yote, na wanaongeza. Mvua kubwa ikinyesha ziwa linapakwa matope, wanakuambia uchuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Vitambaa wanavyo, wanavifua wenyewe jioni.

Ladha: ina harufu, ndiyo. Mjukuu wa pili wa mama mdogo aliyakataa siku tatu. Nikajifunza kwa dada mmoja pale benchi kwamba ukiyamimina kutoka jagi hili kwenda lile mara kadhaa kabla ya kunywa, harufu inapungua sana. Ilisaidia.

Eneo walichagua vizuri, na hili wageni wa mji hawalioni haraka. Upande wetu wa ziwa una mazuku, zile hewa nzito zinazotoka ardhini na kulala kwenye mabonde na mashimo, hazina rangi, na alfajiri isiyo na upepo zinaua mbuzi na zinaua mtu. Mtoto ni mfupi, pua yake iko karibu na ardhi kuliko yako. Kituo kiko mahali palipoinuka, penye upepo, na akina mama waliweka mawe yaliyopakwa chokaa kuzuia njia ya mkato inayopita bondeni. Ile njia ya mkato inaokoa dakika kumi. Nimewahi kuwaona wakimfuata msichana mbio mpaka chini kwenda kumrudisha.

Foleni mwezi Februari ilikuwa saa mbili hadi tatu. Kuanzia Aprili, maji ya bomba yaliporudi kidogokidogo mitaa kadhaa, ikashuka dakika ishirini. Kipaumbele kinaheshimiwa: wajawazito, wazee, watu wenye ulemavu na watoto waliotumwa peke yao wanapewa kijiwe chekundu na kupita mbele. Hakuna anayelipa. Siku moja mwanamume mwenye gari alitaka kutiwa dawa bidoni kumi na tano kwa mpigo, akatoa noti ya dola kumi. Mama wa sindano akamwambia, "Papa, weka pesa yako, simama hapo nyuma, utafikiwa." Akasimama. Alifikiwa.

Sasa manung'uniko, na la kwanza ni zito. Ngazi kumi na mbili za mawe ya lava, zisizo na mahali pa kushika, ziko kati ya ziwa na meza. Mama mdogo hawezi kushuka. Jirani yangu kipofu hawezi. Mama mmoja aliyekatwa mguu mwaka 2024, anayeishi nyuma ya kanisa, hawezi. Kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu walioumizwa na vita kilianza kwa kuwaacha waliosababisha kianzishwe. Niliwaambia hivyo waziwazi mwezi Februari, kwa hasira, na ninakumbuka mwenyekiti alinisikiliza akiwa ameshika kifua chake kwa kiganja. Hakujitetea. Alisema hawakuwa na mtu wa kupeleka.

Mwezi Machi walipata chukudu. Asiyekijua chombo hiki afikirie pikipiki ya mbao isiyo na injini, imechongwa kwa shoka, magurudumu ya mbao yamevikwa mpira wa tairi kuukuu. Goma nzima imejengwa na kulishwa kwa chukudu. Mwenye nayo ni kijana aliyekuwa akisafirisha viazi kutoka juu, njia ikafungwa, akabaki bila kazi. Mara mbili kwa wiki anapakia bidoni zilizokwisha tiwa dawa na kupita kwenye nyumba kumi na moja walizoandika. Siku ya kwanza alipofika kwetu, mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, amevaa kitenge chake kizuri. Alitia kidole kwenye maji, akanusa, akasema, "Haya ni yangu." Kwa mwaka mzima alikuwa akinywa maji ya kuombwa. Bidoni mbili kwa wiki hazitoshi nyumba, lakini hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeruhusiwa kuzigusa bila ruhusa yake.

La pili ni saa za kufungua. Kituo kinatakiwa kufungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa tisa. Februari na Machi walifunga siku kumi na moja kwa hesabu yangu, nyingine bila taarifa. Mtu anashuka na bidoni tatu, anakuta meza imegeuzwa miguu juu, na hapo ndipo anapochota maji yale yale na kuyanywa hivyohivyo, kwa sababu hawezi kupanda na kushuka mara mbili. Nilidhani ni uvivu. Nililisema hilo neno, na nimelijutia, kwa hiyo naeleza hapa nilichokuja kukijua.

Mhasibu wa chama alikuwa mwanafunzi mwenzangu. Jioni moja alinionyesha daftari lake. Chama chao kilikuwa kinafanya kazi kwenye kambi, chini ya shirika kubwa la nje, ambalo nalo lilipata fedha kwa shirika lingine, ambalo lilipata kwa Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Barua ilifika kwao siku chache baadaye: acheni kazi, msitumie kitu chochote kuanzia leo. Katika daftari ukurasa wa siku hiyo una mstari mwekundu uliopigwa kwa rula. Haukupita muda, mji ukabadilisha mikono. Benki zikafungwa zote, na pesa kidogo ya chama, ambayo haikutoka kwa mfadhili bali kwenye michango yao ya kila mwezi, ikabaki ndani. Uwanja wa ndege ukafungwa. Bohari walilokuwa wanaweka ndoo za klorini, sabuni na mabashe likavunjwa wakati wa uporaji, na hapo mhasibu alininyooshea kidole mstari mmoja: "Ndoo 14, zimeibwa. Ndoo 2, nyumbani kwa makamu." Zile mbili za nyumbani kwa makamu ndizo zilizoanzisha kituo.

Februari hiyohiyo watu wa kambi waliambiwa waondoke. Bulengo, Lushagala na nyinginezo zilivunjwa, watu wakarudi walikotoka au wakaingia mitaani kama sisi tulivyompokea mama mdogo. Vyoo na vituo vya maji vilivyojengwa kwa miaka miwili viling'olewa pamoja na mabashe. Kwa hiyo wale wale waliokuwa wakihudumiwa na chama kule kambini wakawa wamesambaa kwenye nyumba za watu, hawahesabiki tena, hawamo kwenye orodha yoyote, na shirika lisilo na orodha halipeleki kitu. Akina mama walikuwa na orodha. Walikuwa wanawajua kwa sura na kwa majina ya watoto wao.

Tarehe 10 Machi waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya shirika lao la misaada imefutwa. Mhasibu alinisomea habari hiyo kwenye simu yake tukiwa tumekaa juu ya ndoo tupu. Hakulia. Aliuliza tu, "Asilimia zilizobaki zimo zetu?" Hazikuwamo.

Wajitoleaji tisa walifanya kazi Februari, Machi na Aprili bila hata franka moja. Zile siku kumi na moja za kufunga, tatu ni za milio ya risasi, nne dawa iliisha, na nne ni siku ambazo mama wa sindano alikwenda kubeba mchanga kwenye ujenzi ili watoto wake wale. Mimi mwenyewe mshahara wangu ulikuwa umekwama benki, nilipaswa kuelewa mapema kuliko wengine. Hata pesa ya simu, ambayo ilikuwa njia pekee iliyobaki, wakala alikuwa anakata makato makubwa kwa sababu noti zenyewe hazikuwepo mjini. Waliotumiwa mchango na ndugu wa Nairobi na Kampala walipokea pungufu, na pungufu hiyo ilikuwa gramu za dawa.

Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa walikubaliana kwamba kufikia 2020 angalau robo ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie wenyeji wanaofanya kazi papo hapo, kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita lengo hilo halijafikiwa. Naliandika hili kwenye tathmini ya meza ya klorini kwa sababu meza hii ndiyo "wenyeji" wanaosemwa. Mkataba ukiwa umevunjika juu, chini kabisa ya mnyororo kuna mwanamke anayebeba mchanga siku ya Jumatano.

Kuna jambo lingine ambalo halimo kwenye tangazo lolote, na nimefikiri sana kama niliandike. Wasichana wanaoshuka ziwani alfajiri hawako salama. Akina mama walipanga kushuka kwa pamoja: kikundi kinaanzia msikitini, kingine kwenye kibanda cha mkaa, hakuna msichana anayeshuka peke yake. Na pale benchi, mama mmoja mzee ambaye kazi yake inaonekana ni kukunja vitambaa, anajua la kufanya msichana akifika na uso usio wake. Hamhoji mbele ya watu. Anampa vitambaa akunje naye, na taratibu anamweleza ni zahanati gani imebaki wazi, na kwamba dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi, na kwamba hatalazimika kwenda peke yake. Nimeliona hili likitendeka kwa msichana niliyemfundisha darasa la nne. Mwalimu wake hakujua la kufanya. Mama wa vitambaa alijua.

Wajitoleaji walivua fulana zao za kazi mapema kabisa. Kuvaa alama ya shirika siku hizo kuliita maswali: unamfanyia nani kazi, nani anawalipa, orodha hiyo ya majina ya nini. Daftari la majina liliacha kuandikwa majina; sasa lina alama tu, jani, nyota, samaki, na kila nyumba inajua alama yake. Sisi ni samaki.

Nafundisha pia somo la uraia. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977 kwenye Mikataba ya Geneva, kifungu cha 54, inakataza kushambulia au kuharibu vitu ambavyo raia hawawezi kuishi bila hivyo, na mitambo ya maji ya kunywa imetajwa humo kwa jina lake. Mwaka 2025 mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza kama pampu imetajwa. Nikamjibu kwamba imo, ni sehemu ya mitambo hiyo. Akauliza kwa nini basi tunakwenda ziwani. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka kumi na mmoja, nikamwambia ukweli huo.

Kosa kubwa la kituo lilitokea katikati ya Machi. Dawa ya ndoo ya mwisho ilikuwa imekaa kwenye kibanda cha mabati, kifuniko kimepasuka, joto na unyevu vimeidhoofisha. Vidonge vya kupimia vilikuwa vimekwisha wiki iliyotangulia, kwa hiyo hawakuona kwamba maji hayabadiliki rangi. Siku mbili tulikunywa maji tuliyoamini yametibiwa. Mjukuu mdogo wa mama mdogo aliamka usiku wa pili akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kufikia alfajiri ngozi ya tumbo lake ukiifinya ilibaki imesimama. Tulimpa maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku mdogo wangu akimkimbiza kwa motari, pikipiki ya abiria, mpaka kituo cha matibabu ya kipindupindu. Alitundikiwa dripu. Alipona, na sasa anakimbia uani hapa ninapoandika. Watoto wawili wa mtaa wa pili walilazwa siku hiyohiyo.

Akina mama walipopata vidonge na kugundua, hawakuficha. Walipita nyumba kwa nyumba wakisema: maji ya Jumatatu na Jumanne mwageni, tumekosea. Mwenyekiti alikuja kwetu, akapiga magoti mbele ya mama mdogo. Mama mdogo akamwinua. Mimi ilinichukua wiki nzima kurudi pale, na nilirudi kwa sababu mbadala niliujua.

Mbadala ni upi? Kuchemsha: makaa yamepanda bei kila njia inapofungwa, na kwa watu kumi ni gunia baada ya gunia. Maji ya magari ya kuuza: hujui yametoka wapi, na bei hupangwa na siku ilivyo mbaya. Maji ya mvua ni mazuri yakipatikana, lakini moshi wa volkeno unaposhukia mabati yanakuwa na ukali, na kiangazi cha Juni hadi Agosti hakikupi kitu. Vidonge vya kutibu maji vya pakiti ni vyema kabisa kwa anayevipata. Tulipewa pakiti moja mwezi Februari, ikaisha siku tisa.

Tangu Machi wanapima kila ndoo mpya kabla ya kuifungua kwa watu, dawa imehamishiwa chumba cha mawe chenye kivuli, na tarehe ya kufunguliwa inaandikwa kwenye kifuniko kwa herufi kubwa. Mwezi Mei walipata ndoo sita kupitia parokia moja na vidonge vya kupimia vya kutosha. Ngazi bado hazina mahali pa kushika. Kwa usafi wa kazi na kwa namna wanavyowatendea watu nawapa alama zote. Kwa saa za kufungua siwezi, na kwa wasioweza kutembea wamefika nusu ya njia. Anayetaka kuwasaidia asiwaletee fulana wala bango. Wanahitaji klorini iliyofungwa vizuri, vidonge vya kupimia, na posho ya watu tisa.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza: nenda kabla ya saa mbili asubuhi, na kikundi. Bidoni iwe na kifuniko chake, wanakataa iliyozibwa kwa mgomba au mfuko, na isiwe iliyowahi kubeba mafuta ya gari. Ioshe ndani kwa changarawe na maji kidogo kabla hujapanga foleni. Usipite bondeni hata kama umechelewa. Wakikuambia leo rangi haikutoka, amini, chemsha. Na kama nyumbani una mtu asiyeweza kushuka, mwambie kijana wa daftari, atakupa alama. Chukudu hupita Jumanne na Ijumaa.